Kubebwa kwa Machela Bila Kuugua

Leonidas Sebahire,
Shina Na. 7, njia ya Bweranyange,
Nyaishozi, Karagwe.
14 Juni 1988

Kwa Ndugu Cassian Rwezaura,
Mlezi wa Kikundi cha Mbio na Huduma.

YAH: KUOKOTWA BARABARANI NA KUKIMBIZWA ZAHANATI NIKIWA MZIMA WA AFYA

Ndugu Mlezi,

Kwa cheo chako ningepaswa kukuamkia, lakini kwa umri nimekuzidi miaka ishirini na moja. Kwa hiyo naandika hujambo, na wewe ukifika hapa kwenye karatasi useme shikamoo kwa sauti, nami nitaitikia marahaba huku nilipo. Hapo tutakuwa tumemaliza adabu na naweza kuanza kulalamika.

Nalalamika juu ya kikundi chako. Si kwamba nakichukia. Vijana ishirini na wanne, wa kike na wa kiume, wanaamka alfajiri, wanakimbia mchakamchaka kutoka uwanja wa shule mpaka darajani na kurudi, halafu badala ya kwenda kupumzika wanabeba mawe ya kujengea chumba cha wazazi pale zahanati, au wanawachotea maji vikongwe, au wanambeba mgonjwa kwa machela, ile ya kusuka ambayo sisi tuliotoka Rwanda tunaiita ingobyi. Hao si watu wa kusemwa vibaya. Mimi mwenyewe nilipiga makofi siku kikundi kinaanzishwa, mwezi wa pili. Makofi hayo nayaondoa kuanzia leo.

Kabla sijahesabu makosa nikueleze hali yangu, maana wewe ni mtu wa Muleba, umehamishiwa hapa juzi juzi kufundisha, na huenda unanijua kwa sura tu. Mimi ni mkulima. Nilifika huku mwaka 1961 na mkeka mmoja na jembe lisilo na mpini. Leo nina kibanja cha migomba na kahawa ambacho watu husimama kukitazama, au walikuwa wakisimama, nitafika huko. Mke wangu Anatolia alifariki miaka sita iliyopita, Mungu amrehemu, na hatukujaliwa mtoto. Tangu mwaka jana nimeweka nia ya kumuoa Speciose Mukabera, mjane wa Bweranyange, anayeishi kwa kaka yake Celestin. Nampenda, Ndugu Mlezi. Neno hilo naliandika kwa wino ili usije ukadhani nagombea heshima peke yake. Nikimkosa huyu sitatafuta mwingine, nitakufa najipikia maharage yasiyoiva.

Sasa makosa.

1. Orodha. Mwezi wa tatu, kwenye mkutano wa kijiji, katibu wenu Deodatha, yule binti mwenye filimbi shingoni na daftari kwapani, alisoma majina ya Wazee Wasiojiweza. Jina langu lilikuwa la tatu, katikati ya bibi asiyeona na mzee Kamugisha mwenye mguu mmoja. Kamugisha alisimama pale pale kwa gongo lake akapinga kuwekwa ukurasa mmoja na mtu mwenye miguu miwili. Watu walicheka, mimi sikucheka. Nikauliza kipimo ni kipi, nikajibiwa kwamba ni mtu aliyepita miaka sitini na asiye na mtu mwingine nyumbani. Nina sitini na moja. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepandisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni bila kupumzika, isipokuwa mara moja, na hiyo ilikuwa ya kusalimiana. Kumbe kwa daftari lenu mtu asiye na mke ni kiwete!

2. Palizi. Ijumaa moja ya mwezi wa nne nilisikia filimbi, nikatoka nje, nikakuta watu ishirini na wanne ndani ya kibanja changu wanapalilia huku wanarukaruka ili miili isipoe. Jamani, palizi ina mbio? Waling'oa magugu, wakang'oa na maharage yaliyokuwa yanaanza kutoa maua, na walipokosa cha kung'oa wakafagia. Wakafagia! Majani makavu niliyotandaza miaka yote kwenye mashina ya migomba ili ardhi ishike maji, waliyakusanya wakayachoma moto, eti usafi. Kibanja kikabaki kimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Hata yule bibi asiyeona alipopita aliuliza mbona upepo wa hapa umebadilika.

Na hayo si machungu yenyewe. Desturi ya hapa unaijua: mtu akiingia kwako hatoki mdomo mkavu, hata kama amekuja kukuharibia. Nikawapa kahawa ya kutafuna, kikapu kizima kikaisha. Nikawapa rubisi. Pombe hiyo ya ndizi niliikamua kwa ajili ya Celestin, aliyekuwa anakuja kesho yake kunitazama mimi na kwangu. Walikunywa, wakanitakia baraka, wakaandika kwenye daftari kwamba mzee mmoja amesaidiwa, wakaondoka wakiimba. Celestin alipofika Jumamosi nilimpa maji. Aliyanywa taratibu huku akitazama kibanja, akaniuliza kwa upole kama niliunguliwa. Halafu akaniuliza jambo lililoniuma zaidi: hapa nina watu gani? Nikamwambia upande huu wa mto sina ndugu hata mmoja, lakini nina miguu yangu miwili na simhitaji mtu. Akasema sawa, basi nije kwao kwa miguu hiyo, Jumapili ya tarehe 29 Mei, wazee wa ukoo wanione.

3. Wimbo. Huu nitausema kwa kifupi kwa sababu unanitia hasira na nimekatazwa hasira. Anayeongoza anauliza ni nani amechoka, na wote wanajibu kwa jina langu. Anauliza tutambeba nani, jina langu tena. Nimeambiwa si kwa ubaya, ni kwamba Sebahire linaingia vizuri kwenye hatua nne. Asubuhi sauti husafiri huku kwetu, mlima kwa mlima, na Bweranyange si mbali. Nilikwenda kushitaki kwa balozi wangu wa nyumba kumi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni utovu wa adabu, na alipokuwa ananisindikiza nikamsikia anauimba.

4. Kubebwa. Hili ndilo hasa lililonifanya nikope kalamu.

Jumapili ya tarehe 29 nilisali misa ya kwanza, nikavaa koti, kofia, na viatu nilivyoazima kwa jirani. Jirani huyo alitaka kunipakia kwenye baiskeli nikakataa, maana nilitaka Celestin anione nafika kwa miguu yangu. Nilipomaliza mlima wa mwisho, nyumba za Bweranyange zikiwa zinaonekana, nilikaa kando ya barabara nikavua kiatu cha kulia ili vidole vipate hewa. Jua lilikuwa kali. Nikajinyoosha kidogo kwenye nyasi, kofia usoni. Makosa yangu ni hayo tu, mengine sina.

Wakati huo huo kikundi chako kilikuwa kinakuja nyuma yangu na machela tupu. Kwa nini ilikuwa tupu? Siku ya Saba Saba vikundi vyote vya tarafa vitapeleka madaftari, na chenye huduma nyingi kitapewa kondoo dume na sufuria kubwa. Daftari la Deodatha lina safu nne: mawe, maji, wazee, wagonjwa. Safu tatu zimejaa mpaka pembeni. Ya wagonjwa ilikuwa na mtu mmoja, na huyo alishuka njiani akasema amepona. Wanaougua kweli siku hizi wanafichwa vyumbani tangu ulipoingia huu ugonjwa wa kukonda, unaujua mwenyewe. Basi vijana wana hamu ya mgonjwa, wanakata kona, wanamkuta mzee amelala kando ya njia na kiatu kimoja.

Nilisikia filimbi. Kabla sijafungua macho vizuri nilikuwa hewani. Nikasema niacheni, mimi mzima. Sasa, Deodatha alikwenda semina ya huduma ya kwanza kwa siku tatu, na huko alifundishwa kwamba mtu ambaye malaria imempanda kichwani hudai yeye ni mzima. Kwa hiyo nilipokataa, alipiga filimbi waongeze mwendo. Nilipokataa kwa sauti, wakanifunga kamba. Nikataja jina langu kamili na namba ya shina ili wajue akili zangu zipo. Wakafurahi, maana jina walikuwa wanalijua, wakaanza wimbo. Hebu niambie wewe mwalimu, mtu ajitetee vipi mbele ya elimu ya namna hiyo? Nikinyamaza nimezimia, nikisema nimechanganyikiwa, nikicheka ndiyo basi tena.

Barabara inapita mbele ya nyumba ya Celestin. Wazee watano walikuwa wamekaa nje kwenye viti, na makoti yao, wananisubiri. Speciose alikuwa mlangoni ameshika kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nilipita mbele yao kwa kasi, chali, soksi yenye tundu imetangulia, na watu ishirini na wanne wanaimba kwamba nimechoka. Ningefanya nini? Nilivua kofia nikawasalimu. Mzee mmoja akavua na ya kwake, lakini vile watu wanavyovua kofia maiti ikipita. Speciose aliinua mkono nusu, kisha akaushusha. Sura yake ile haijanitoka machoni mpaka leo.

5. Kurudi. Zahanati ni mwendo mfupi kutoka hapo. Muuguzi, Mama Kokugonza, alinipima kila mahali panapopimika akasema huyu hana ugonjwa, labda malengelenge ya vidole. Deodatha akamwomba aandike chochote, kwa sababu mgonjwa asiye na ugonjwa hahesabiwi. Walibishana mbele yangu kama watu wanaochagua kitambaa dukani. Mwishowe ikaandikwa “uchovu wa safari”. Safari ipi? Safari walikimbia wao!

Nikawaomba basi wanirudishe waliponitoa. Hapo Deodatha alinifungulia daftari kwa adabu zote akanionyesha kwamba hakuna safu ya wanaorudishwa. Wakaondoka mbio na machela tupu. Nilirudi kwa kiatu kimoja, huku nimekibeba mkononi kwa sababu kutembea na kimoja ni taabu kuliko kutembea peku. Cha kulia sijakiona tena, na jirani ananitazama vibaya. Nilipita mbele ya kwa Celestin saa kumi na moja jioni. Viti vilikuwa vimeshaingizwa ndani. Sikubisha hodi, maana ukweni mtu haingii na soksi.

6. Mazishi yangu. Siku hizi mtu akibebwa watu hawaulizi anaumwa nini. Wanaangaliana tu, basi. Tangu siku ile kila ninayempa mkono anakitazama kifundo changu cha mkono kwanza, kama kimekonda. Nikila vizuri wanasema dawa zimemkubali, nikila kidogo wanasema ndiyo hivyo. Kina mama wa jumuiya walikuja kuniimbia, na waliimba zile za mwisho mwisho. Katekista alikuja kuniuliza kama nina jambo lolote moyoni. Nikamwambia ninalo, na linahusu filimbi. Fundi seremala, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu, alipita kunijulia hali, akanitazama kutoka utosini mpaka kisiginoni, akasema amepata mbao nzuri za mvule. Mpaka wa kaskazini, jirani mwingine ameanza kupima kibanja changu kwa hatua, akidhani simwoni.

Na kutoka Bweranyange, kimya. Leo ni siku ya kumi na sita. Hakuna salamu, hakuna mtoto aliyetumwa, hakuna hata wa kuja kunichungulia. Ukoo wa mtu hauwezi kumtoa binti yao kwa marehemu mtarajiwa, nami siwalaumu. Nalaumu kikundi chako.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sioni kama ni mengi:

(a) Jina langu lifutwe kwenye orodha, na nipewe hati yenye mhuri kwamba Leonidas Sebahire ni mzima, anajiweza, na alikuwa anavipa vidole hewa.

(b) Kila mwananchi aliyepita miaka hamsini apewe kibao cha kuvaa shingoni, kimeandikwa NIMEKAA TU. Asiyekuwa nacho akikaa barabarani, hiyo shauri yake.

(c) Deodatha aongeze safu ya tano, ya watu waliobebwa wakiwa wazima, na kwa kila mmoja wao kikundi kinyang'anywe mawe kumi katika hesabu ya mawe.

(d) Jumapili hii, wewe mwenyewe, Ndugu Mlezi, ubebwe. Uvae koti na tai, kiatu kimoja, ulale chali, wakupitishe mbele ya nyumba ya Celestin kwa mwendo ule ule, na ukifika pale uwapungie kofia. Wakikuona wewe, mtu mwenye mshahara na mashavu, watajua kwamba hapa kwetu kubebwa ni desturi ya watu wenye afya. Isipotosha, Jumapili inayofuata abebwe mwalimu mkuu, na baada yake padre kama atakubali. Tukishabebwa wote, kubebwa kwangu hakutakuwa na maana yoyote.

(e) Ukiona (d) ni vigumu, basi kikundi kivunjwe. Filimbi ichukuliwe, machela ichomwe moto pamoja na majani ya mtu mwingine, si yangu. Vijana walale mpaka jua litoke kama vijana wa mahali pengine, na wagonjwa waende zahanati kwa miguu yao kama zamani. Tuliishi vizuri kabla ya nyinyi.

Nakuomba unijibu mapema, kabla fundi hajakata mbao.

Msalimie mama watoto, na wanafunzi wako wote hasa wale wasiopenda michezo. Msalimie Mama Kokugonza, ambaye alisema ukweli mpaka alipobanwa. Mzee Kamugisha ukimwona mwambie namuunga mkono, na bibi asiyeona mwambie upepo bado haujarudi. Hata Deodatha msalimie, ila salamu zake zimfikie kwa mwendo wa kawaida.

Ni mimi, mzima na mwenye uchungu,

L. Sebahire

Nyongeza, siku hiyo hiyo alasiri.

Nilikuwa natafuta bahasha, Celestin akaingia na baiskeli yake. Nilimkaribisha, nikampa rubisi, safari hii ilikuwepo. Nikaanza kumweleza haraka haraka kwamba siku ile sikuwa mgonjwa. Akasema wanajua, Mama Kokugonza aliwaambia jioni ile ile. Kilichowachelewesha ni ubishi mwingine: nilisema sina watu, sasa hao walionibeba ni akina nani? Wazee wawili walisema nimewakodi. Mmoja alisema mimi ni mwongo. Aliyeumaliza ubishi ni Speciose.

Habari hii nilikuwa siijui, Ndugu Mlezi, hakuwahi kuniambia. Mume wake aliugua tumbo mwezi wa kupanda, mvua inanyesha, watu wako mashambani. Zahanati hii ilikuwa haijajengwa na hospitali ni mbali, lakini machela ilikuwepo. Walipatikana wanaume watatu, wa nne akakosekana. Speciose alitaka kushika yeye upande wa nne wakamkatalia, eti mwanamke habebi machela. Walimsubiri huyo wa nne tangu asubuhi mpaka saa kumi, na mume wake akafia karibu na mlango akiwa ameshavishwa koti la safari.

Basi Speciose aliwaambia wazee hivi, na Celestin alinisimulia maneno yake kama yalivyo: “Huyu wamembeba ishirini na wanne, na haumwi kitu. Na anayepiga filimbi ni msichana. Mnataka awe na watu gani tena?” Amekubali kuolewa na mimi.

Nimekaa nikalia kidogo, Celestin akajifanya anatazama tairi la baiskeli.

Kwa hiyo nafuta la kwanza mpaka la sita, na (a) mpaka (e), na hiyo (e) nakuomba uichane kabisa mtu asiione. Ningeandika barua upya lakini karatasi zimeisha. Arusi itakuwa baada ya Saba Saba, waje wote ishirini na wanne, na rubisi nitakamua ya kutosha. Deodatha akae meza ya mbele na Speciose, maana bibi arusi mwenyewe ameomba kumwona.

Jambo la mwisho. Nataka niandikwe kwenye kikundi, upande wa wabebaji. Mbio za mbali sitaziweza, lakini ninakaa karibu na barabara, na siku akikosekana mtu wa nne wanipigie filimbi tu, nitatoka. Nipangwe upande wa kushoto, maana bega la kulia hunisumbua wakati wa baridi.